Ujanja wa Bombani

12 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mvua imegoma, lakini umeme umeamua kufanya kazi, basi tunashukuru kwa hicho kimoja. Binamu yako, mwanangu wa malori, amepata mtoto wa kike, mnene, analia kama honi ya baba yake. Duka langu la kuchapa linakwenda. Mashine ya fotokopi inameza karatasi na kuzitema zikiwa na mikunjo kama shati la mlevi, ila wateja wameshazoea. Baba yako hajambo, anakusalimu sana.

Nina jambo dogo. Unaikumbuka mashine ya gemu mliyokuwa mkichezea wewe na baba yako ulipokuwa mdogo, ile ya kuchomeka kwenye runinga ya chogo? Bado ipo. Lakini kaseti ya gemu la ndoo, la yule mtu anayepanda ngazi kuzima moto kwenye madirisha, imekufa. Ukiiweka unaona mistari tu. Nimeipuliza, nimeifuta kwa spiriti, nimeitukana, wapi! Nitafutie nyingine. Huko uliko kuna kila kitu.

Hiyo mbovu nimeitia humu ndani ya bahasha, usije ukaniletea kitu kingine.

Na usipige simu. Spika yangu imeharibika, nasikia mikoromo tu.

Shangazi yako


9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hongera kwa mjukuu, na pole kwa honi. Mimi mzima. Kazi ya lifti ni ile ile: wiki iliyopita nilikwama ndani ya lifti niliyoitwa kuitengeneza, pamoja na meneja wa jengo, na mtu yule hakuona kichekesho chochote.

Sasa Shangazi, gemu? Wewe? Si wewe uliyekuwa ukipita sebuleni ukisema kile kidude kitatuoza ubongo? Haya, sijauliza. Nimezunguka kwa wauzaji wote wa vitu vya zamani, na kaseti ile haipo. Haikuwa hata na jina, na ukimweleza muuzaji “yule mtu wa ndoo” anakutazama kwa huruma. Hiyo yako nimeifungua nikajaribu kuisoma kwa kompyuta. Chipu imekufa kabisa, inatema upuuzi mtupu.

Kwa hiyo nimeliandika gemu upya mwenyewe. Usishtuke. Vibao vya lifti za zamani vina chipu za ukoo mmoja na ile ya mashine yako, nazo ndizo zinazonipa ugali. Nimemwagiza muuzaji akutumie kaseti tupu, yenye tundu ubavuni. Gemu lenyewe limo kwenye flashi iliyo humu. Fanya hivi: ukiwa dukani, chukua waya wa printa yako, upande mmoja uingie kwenye kaseti, wa pili kwenye kompyuta. Litafunguka dirisha. Lichukue faili kutoka kwenye flashi uliburute mpaka kwenye dirisha hilo. Taa nyekundu itawaka kwenye kaseti. Ngoja igeuke kijani. Usichomoe kabla. Basi, peleka kaseti nyumbani, ichomeke, cheza.

Nimekutumia na simu mpya, tusikilizane. Na mwambie Baba aniandikie hata mistari miwili. Yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri kwenu.

Mwanao


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumepokea kaseti, na simu, ambayo imekaa kwenye boksi lake vizuri kabisa. Mjukuu ameota jino. Baba yako hajambo, mkono tu umechoka, hawezi kuandika.

Gemu lako haliwaki. Runinga nyeusi, hata mistari hakuna. Nimefanya kila ulichosema. Waya wa printa nimechomeka, dirisha limefunguka, faili nimeliburuta kama mbuzi, taa ikawa nyekundu, ikawa kijani. Ni kweli mara ya kwanza nilichomoa mapema kwa sababu mteja alitaka kuchapiwa hati yake na waya ni mmoja, lakini mara ya pili nilitulia. Nyeusi. Ya tatu, nyeusi.

Mtu mwenye elimu yako anatuma kitu bila kukijaribu? Fanya haraka. Jioni za huku ni ndefu bila lile gemu, zaidi ya unavyofikiri.

Shangazi yako


21 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nilikijaribu. Nilikijaribu mpaka kidole gumba kikavimba. Tafadhali niambie, faili ulilibadilisha jina?

Nauliza kwa sababu nakujua. Niliandika NDOO, herufi nne, bila pambo. Kaseti ile ina akili ndogo: jina likiwa refu, au likiwa na nafasi katikati, haioni kitu.

Kuhusu simu: imetoka kwenye boksi, nashukuru, maana nimepiga Jumapili tatu na umepokea zote. Nikisema “nipe Baba,” Baba anaoga. Jumapili inayofuata anaoga. Juzi ameoga tena. Mwambie ngozi itamwisha.

Mwanao


8 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Ndiyo, nilibadilisha. Nilikuwa nimeliita “Gemu la Ndoo la Mpwa Wangu, Toleo Safi”. Mimi ni mchapaji. Faili lenye jina la herufi nne ni kama mtu kutoka nje na taulo. Haya, nimelirudishia uchi wake na gemu limewaka.

Sasa nisikilize. Ngazi umeziweka kushoto, zilikuwa kulia. Nyumba umeipa ghorofa sita, nani alikuomba? Zilikuwa nne. Mzima moto umemvika kofia. Yule mama wa dirisha la juu alikuwa akipunga mkono mmoja, wewe umempa miwili, anaonekana anafukuza nyuki. Muziki unakimbia. Na paka umemtoa wapi? Gemu zima linaungua, halafu paka anapita chini na mkia juu!

Halafu pale bombani. Ukibonyeza kushoto na kuruka kwa pamoja, ndoo inatakiwa ijae hapo hapo, bila kungoja. Yako haijai. Mtu anabonyeza, anabonyeza, mwisho anapandwa na hasira.

Nilikuomba gemu la ndoo. Sikukuomba lako. Lirudishe lilivyokuwa, usiongeze kitu. Tuma na pedi nyingine ya kuchezea, hii imeanguka ikapasuka.

Baba yako hajambo.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika, nakuambia ukweli. Paka yule amenichukua Jumamosi mbili. Nilimweka ili kukufurahisha, maana wakati ule ulikuwa na paka wa rangi ile ile. Hakuna shukrani, hata ya mkia.

Nikakunja barua nikaenda kazini. Nikiwa juu ya lifti, kichwa changu kimo ndani ya giza la mtambo, ndipo nikalifahamu jambo ulilolisema.

Ule ujanja wa bombani haukuwa sehemu ya gemu, Shangazi. Lilikuwa kosa la aliyelitengeneza. Baba aliligundua kwa bahati tu, akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe, kwa sababu ungesema ni wizi. Tulikuwa tunaujua wawili. Wewe hujawahi kushika pedi hata siku moja, ulikuwa unatupitia na ufagio.

Basi huyo “mtu” anayebonyeza na kupandwa na hasira ni nani? Na pedi ilianguka kutoka wapi, hata plastiki ikapasuka? Na kwa nini aliyekuwa akitumia mtambo huo kila jioni aniombee gemu kupitia kwako, asiniambie mwenyewe?

Sitatuma kitu mpaka unijibu.

Mwanao


4 Julai

Shangazi,

Hujajibu. Simu huipokei tena, hata kuniambia anaoga. Nimempigia binamu, naye akaniambia, “Dada, mwulize mama,” kisha akajifanya yuko kwenye mlima na mtandao unakata. Namjua yule, hata kudanganya hajui.

Sitaki salamu. Nataka jibu.

Mwanao


26 Julai

Mwanangu,

Nimekaa na kalamu mara nyingi nikaishia kuandika habari za mjukuu. Leo nimemaliza habari za mjukuu.

Baba yako anasahau. Si kusahau miwani, kila mzee husahau miwani. Ilianza na majina, ikaja kwenye njia, sasa imefika kwa watu. Asubuhi ni mzima kabisa, ananitania, ananiuliza nimezeeka lini. Shida ni jua likianza kushuka. Anavaa viatu. Anasema zamu ya jioni imefika na kreni inamngoja. Nikimwambia, “Kaka, ulistaafu,” ananitazama na kuuliza, “Wewe ni nani hata unipangie kazi?”

Siku moja nilikuwa naye dukani, namchapia mteja barua yake. Kugeuka, mlango uko wazi. Tulimkuta kwenye geti la ile yadi ya vyuma aliyofanyia kazi, anawafokea walinzi wamfungulie, mzigo unaning'inia hewani na watu wako chini yake. Yadi yenyewe siku hizi ni maegesho ya magari. Walinzi walikuwa vijana, walikuwa wanacheka. Mwanangu huyu wa malori alitaka kupigana nao, nikamvuta shati.

Kilichokuwa kinamtuliza ni gemu la ndoo. Sijui kwa nini. Nadhani vidole vyake vinaujua ule mtambo kuliko kichwa chake. Anakaa, anapanda ngazi, anazima moto mpaka kunakuwa giza, na giza likishaingia anasahau kwamba alikuwa na zamu. Anakula, analala. Kisha kaseti ikafa, nami nikabaki na mtu na viatu vyake kila jioni ya Mungu.

Toleo lako aliliangalia akasema, “Hii si nyumba yetu.” Akairusha pedi ukutani. Kaka yangu, ambaye hakuwahi kurusha hata neno.

Usiniulize kwa nini nilinyamaza. Alinikataza mwenyewe, siku ambayo akili yake ilikuwa imenyooka. “Asiambiwe,” alisema. “Akijua ataacha lifti zake aje kunitazama kama watu wanavyotazama ajali barabarani.” Nikamwahidi. Sasa ahadi nimeivunja. Wewe sikuombi radhi kwa kuificha, wala yeye simwombi kwa kuivunja. Nimechoka tu.

Tuma gemu. Kama lilivyokuwa.

Shangazi yako


19 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nimezipanga barua zako zote mezani. Hajambo, anakusalimu. Hajambo, mkono umechoka. Hajambo! Ningekuwa karibu ningekuchapia neno hilo kwenye karatasi kubwa nikalibandika mlangoni kwako.

Nina hasira na wewe, na yeye nina hasira naye, ila yeye simwezi kwa sababu nikimgombeza hatajua ni kwa kosa gani. Kwa hiyo zote utazibeba wewe. Unajua nilivyokuwa nikijisifu kwa wenzangu kazini? “Baba yangu anaoga sana siku hizi, amekuwa kijana.” Walicheka. Nilicheka nao.

Nimeomba likizo. Mkuu wangu amenipa ya Novemba, baada ya kunizungusha kama mlango wa hoteli. Mpaka wakati huo, flashi iko humu, na pedi mpya. Nimetoa kofia. Nimetoa ghorofa mbili. Mama wa dirishani amebaki na mkono mmoja. Ngazi ziko kulia. Muziki nimeutafuta kichwani kwa kuuimba mpaka jirani akagonga ukuta. Paka ameondoka, nisiulizwe habari zake.

Kosa la bombani ndilo lililonitesa. Kazi yangu yote ni kuondoa makosa. Kulitengeneza kosa makusudi, likosee vile vile lilivyokuwa likikosea, kumenishinda nguvu kuliko gemu lote. Nililiandika, likajaza ndoo lakini likamgandisha mtu. Nikalirekebisha, ndoo ikajaa lakini moto ukazimika wenyewe nyumba nzima. Mwishowe nilifumba macho nikabonyeza alivyonifundisha, kushoto na kuruka, nikasikia ile sauti ya maji. Nadhani ndiyo. Anayejua ni yeye.

Jina la faili usiliguse. Nakuomba kwa heshima zote.

Mwanao


15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Matusi yako nimeyapokea na kuyasoma mara mbili, yako sawa. Sasa habari.

Sikuligusa jina. Niliweka karatasi kwenye mlango wa duka, “Tumefunga kwa muda”, nikakaa na ile taa nyekundu kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Ilipogeuka kijani nikaenda nyumbani. Yeye alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

Nikawasha bila kumwambia kitu. Muziki ulipoanza akageuza shingo. Akaja na kiatu chake kimoja, akakaa, akachukua pedi. Mimi nikasimama nyuma ya kiti. Akapanda, akashuka, akafika bombani. Kushoto na kuruka. Ndoo ikajaa.

Akacheka, mwanangu! Akatazama huku na huku kuona kama nimemwona, kisha akaificha pedi tumboni ili nisione vidole. Nikajifanya nafagia. Nilifagia mahali pamoja mpaka sakafu ikanishangaa.

Muziki bado una haraka kidogo, kwa maoni yangu. Lakini mwenyewe hajalalamika, basi nami nanyamaza.

Nakungoja Novemba. Nisikilize kwa jambo moja tu katika maisha yako: ukifika usimuulize “Unanijua mimi?” Kila anayekuja anamuuliza hivyo, wanampa mtihani ambao hakuuomba, halafu wanasikitika anapofeli. Ingia, kaa, ongea naye. Anachokuita, itika.

Niletee wino wa printa.

Shangazi yako


11 Desemba

Shikamoo Shangazi,

Nimefika salama. Nimekuta nusu ya lifti za mji huu zimesimama, na wenye majengo wananisubiri kana kwamba mimi ndiye niliyezikalia. Mshukuru binamu kwa kunisindikiza, na mwambie nimemsamehe ule mlima wake. Mjukuu amenirithisha mafua.

Kituoni ulinilaumu kwamba siku zote zile nilikuwa bubu. Na siku ya kwanza uliporudi kutoka kununua karatasi uliniuliza, “Mmeshindaje?” nikajibu, “Salama.” Nimerithi kwako, naona. Sasa nakuambia.

Ulisema unarudi sasa hivi, ukakaa mpaka jioni. Sikulaumu, ulihitaji kutembea bila kugeuka nyuma. Sisi tulibaki sebuleni. Jua lilipoanza kushuka nikaona anatafuta viatu kwa macho, nikawasha gemu. Akakaa. Akanitazama, akasema, “Karibu, fundi. Wewe ndiye uliyeitengeneza hii?”

Nikasema, “Ndiyo, mzee.”

“Kazi nzuri. Wa kabla yako alikuwa ovyo kabisa. Aliweka paka.”

Nikaimeza hiyo. Akanipa pedi nichukue zamu yangu. Nilifika ngazi ya pili nikamwaga maji yote. Akasonya mpaka nikahisi nina miaka minane.

“Unacheza kama binti yangu,” akasema. “Mikono mizito, haraka nyingi. Nimemfundisha bombani, nimemfundisha ngazi, wapi! Mtoto hasikii yule.”

Akaanza kunishtakia mimi habari zangu. Kwamba viatu naviacha katikati ya mlango mpaka watu wanajikwaa. Kwamba namfungulia redio zake, nikizifunga zinabaki skrubu, na redio inaimba vile vile, sasa skrubu zile zilikuwa za nini? Kwamba siku moja nilimuuliza, kreni ikiinua dunia, itaiweka wapi, akakosa jibu, na mpaka leo analitafuta. Alikuwa amekasirika kweli, Shangazi, mshipa umemtoka pale kwenye paji la uso. Nimegombezwa na wateja, nimegombezwa na wewe, lakini safari hii nilikuwa naomba moyoni asinyamaze.

Nikamuuliza, “Yuko wapi huyo binti?”

“Shule.” Akatazama dirishani. “Leo amechelewa.”

Ulimi wangu ulishafika kwenye meno kusema ni mimi. Nikakumbuka ulivyoniandikia kuhusu mtihani, nikaurudisha.

Akaiweka pedi chini. Akaniambia kwa adabu, kama mtu anayemwomba mgeni jambo kubwa, “Fundi, kama huna haraka, usiondoke kwanza. Nataka akukute hapa. Anapenda vitu hivi, na huku hajawahi kumwona mwanamke anayevitengeneza. Nataka akuone kwa macho yake.”

Nikamwambia sina haraka. Nikasogeza kiti karibu na chake. Tukamsubiri wote wawili, tunautazama mlango, hata tulipoacha kuonana nyuso, mpaka ulipoingia na marundo yako ya karatasi ukatufokea tunakaaje gizani kama popo na swichi ipo ukutani.

Mwanao,
fundi